Siku Alipozungushwa Bibi Kham

Bibi Kham alikuwa ameshavaa. Mwatumu, aliyekuwa akimtunza mchana, alifungua mlango kwa ufunguo wake akitarajia kumkuta kitandani kama siku zote, akamkuta sebuleni kwenye kiti chake cha magurudumu, uso kauelekeza mlangoni. Kiunoni kajifunga shuka ya hariri ya rangi ya zambarau yenye pindo la dhahabu, na kitambaa cheupe kakipitisha bega la kushoto kikamshuka kifuani kama mgolole. Nywele zake chache, zilizokolea mafuta ya nazi, zilikuwa zimefungwa fundo moja safi kisogoni. Nani kamvisha? Binti yake keshatoka kwenda kazini, na mkono wa kulia wa bibi huyu haukuwa na kazi tangu alipopigwa na kiharusi. Alijivisha mwenyewe, kwa mkono mmoja na meno, na ukimtazama alivyokuwa akihema ungejua ndiyo kwanza amemaliza.

"Leo," alisema.

"Leo, bibi," Mwatumu alimjibu. "Nimeahidi, si nimeahidi?"

Walizungumza Kiingereza, kama kile kilistahili kuitwa Kiingereza. Mmoja alikiokota Jidda, jikoni kwa watu. Mwingine alikiokota kambini, Thailand. Huku Adelphi, Marekani, wakakikutanisha, wakakipunguza, wakabaki na maneno ya kuwatosha: maji, dawa, choo, baridi, mtoto, nyumbani. Kwa maneno hayo machache walikuwa wamesimuliana maisha yao yote, na hakuna aliyelalamika kwamba hakuelewa.

Mwatumu aliketi kidogo kwenye kochi bila kuvua koti. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye zamu ya usiku katika nyumba moja ya wazee huko Bladensburg, miguu imemvimba mpaka viatu vimemwachia alama. Na uchovu wake, jamani, haukuwa wa usiku mmoja. Ulikuwa umemkaa mwilini miaka, akaamka nao, akapanda nao basi, akala nao. Ukimwuliza hali alikujibu "Alhamdulillahi," na ndivyo inavyompasa mja kujibu, lakini macho yalikuwa yakisema yao.

Ahadi yenyewe ilikuwa hivi. Mwisho wa wiki ile Bibi Kham alikuwa anahamishiwa Minnesota kwa mwanawe wa kiume, kwa sababu bintiye, Noi, mzigo ulikuwa umemshinda. Msimlaumu Noi haraka. Alikuwa akiwapaka watu rangi za kucha tangu asubuhi hadi jioni, mgongo ukampinda kabla ya umri wake, na mume alikuwa kamwacha na watoto mikononi. Kila mama yake alipomwomba ampeleke kwenye pagoda, hekalu la Kibudha la Walao wenzake, ile iliyo kule mbele ya Manassas, alimjibu, "Jumapili, mama." Jumapili zikaja na wateja wa kucha, zikapita, na sasa zilikuwa zimekwisha. Katika ukuta wa pagoda hiyo ndimo yalimohifadhiwa majivu ya mume wa Bibi Kham. Bibi hakutaka makubwa. Alitaka kumuaga mumewe, na kuizunguka pagoda mara tatu kama wafanyavyo watu wake, kabla ya kwenda kufia kwenye theluji.

Mwatumu aliahidi bila kufikiri, na baadaye akajikuta anafikiri mno. Yeye ni Mwislamu, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani pale Tanga. Aende kwenye nyumba ya masanamu kutafuta nini? Alilipima jambo hilo akiwa anafua, akalipima akiwa ndani ya basi, mwishowe akakata shauri. Hatasujudu, hatachoma ubani, hatakula kilichowekwa mbele ya sanamu. Atasukuma kiti. Kusukuma kiti si ibada, ni kazi yake ya kila siku, na mzee ni mzee, awe wa dini gani.

Lakini si hilo lililomnyima raha. Ijumaa iliyopita mdogo wake, Sabri, alimpigia simu kutoka Tanga.

"Dada, mama hainuki tena kitandani. Anakuulizia."

"Mwambie nakuja."

"Nimwambie unakuja lini?"

"Kawia ufike, Sabri."

"Ngojangoja huumiza matumbo, dada. Na tumbo lenyewe limeshazeeka."

Mwatumu alikata simu akiwa na hasira, na hasira hiyo hakupata mtu wa kumtupia. Aliletwa Marekani na familia ya Jidda aliyokuwa akiitumikia; walipofika wakamnyang'anya pasi, na asubuhi moja akatoka na mkoba wake kama anakwenda kutupa taka, asirudi. Tangu hapo alikuwa mtu wa kupita kando ya kuta, asiye na karatasi. Ubalozi ungemwandikia hati ya kusafiria, hilo alishaulizia, ila hati hiyo ilikuwa ya kwenda tu. Akitoka, mlango unafungwa nyuma yake. Miaka yote hiyo alikuwa akijiambia kwamba mambo yatanyooka, kisha ataingia Tanga kichwa juu, na mama atatoka barazani kumpokea. Sasa mama hawezi kutoka hata chumbani. Aende akamwone yu hai, na Amerika iishe hapo hapo; au abaki, aje aambiwe kwa simu. Hakukuwa na njia ya tatu, na yeye alikuwa bado anaitafuta.

Honi ikalia chini. Ni Genoveva, jirani yao wa ghorofa ya pili, Mhaya wa Bukoba aliyetandika vitanda hotelini na ambaye siku ile ilikuwa zamu yake ya mapumziko. Mwatumu hakuwa na leseni, na gari la Genoveva, pamoja na kikohozi chake, ndilo lililokuwa gari la jengo zima.

"Da Mwatumu!" alipaza sauti kutoka maegeshoni. "Mnashuka, au mmeolewa huko juu?"

Walimshusha bibi, wakamkalisha kiti cha mbele, wakakunja kiti cha magurudumu wakakitia nyuma. Genoveva alimtazama bibi na hariri yake, akapiga vigelegele vya chinichini.

"Mama weee! Leo bibi harusi ni yeye. Mimi nimetia rozari mkobani, dada. Hayo masanamu yakinikodolea macho, naitoa."

"Genoveva, tunakwenda kwa watu."

"Najua tunakwenda kwa watu. Ukienda kwa wenye chongo..."

"Nawe vunja lako jicho. Haya, wewe uanze kwa kuvunja mdomo."

Genoveva alicheka mpaka akakosa njia ya kutokea maegeshoni. Bibi Kham naye akacheka, ingawa hakuelewa hata neno moja. Walipoingia barabara kuu ya kuelekea magharibi, Mwatumu aliegemeza kichwa kwenye kioo, akasinzia na mdomo wazi, akazinduka Manassas ilipokuwa imeshabaki nyuma na miti imeanza kuwa mingi kuliko nyumba.

Pagoda ilikuwa juu ya kilima kidogo, mwisho wa njia ya changarawe, katikati ya mialoni iliyoanza kupukutika. Ilikuwa ya mbao, paa juu ya paa, kila moja dogo kuliko lililo chini yake, na pembe zake zote zilibenuka juu kidogo. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko hao waliokuwa wakiitunza. Tajiri mmoja wa Kizungu, aliyerudi kutoka safari za Mashariki ya Mbali kabla ya vita vya kwanza vya dunia, aliijenga bustanini kwake apate mahali pa kunywea chai na wageni. Tajiri akafa, warithi wakaisahau, popo wakairithi. Walao walipofika baada ya vita vyao waliikuta inaoza. Wakachangishana, wakainunua pamoja na shamba lake, wakabadilisha mbao mojamoja, wakaisomea, wakaiwekea wafu wao. Kibao cha chuma cha wilaya, pale langoni, kilieleza habari za tajiri peke yake.

Walivua viatu. Hilo halikuhitaji kufundishwa. Mwatumu alivua hata kabla ya kuona viatu vya wengine, kwa kuwa mahali pakubwa ni mahali pakubwa. Kilichomtia wasiwasi ni mtandio. Noi alikuwa kamwambia kwamba pale watu huingia vichwa wazi. Mtawa mmoja wa makamo, aliyevaa joho la rangi ya bizari, alitoka kuwalaki, viganja amevikutanisha kifuani. Mwatumu akajishika kichwa, akamwuliza kwa macho.

"Hiyo ndiyo heshima yako," mtawa alisema kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko chao. "Ibaki."

Mwatumu alimpenda tangu hapo. Akamnyooshea kikapu cha matunda alichokiandaa Bibi Kham. Mtawa akarudi nyuma hatua moja, hakukipokea. Alitandika kitambaa sakafuni, akangoja kikapu kiwekwe juu yake, ndipo akakivuta kitambaa kwake.

"Anatukataa?" Genoveva alinong'ona, sura imemharibika.

"Hajatukataa. Hapokei kwa mkono wa mwanamke. Mchukulie kama ana udhu wake."

Alilisema hilo kwa wepesi, kama mtu anayemweleza mgeni desturi ya mtaani kwao, kisha akajishangaa.

Ndani kulikuwa na mkeka mkubwa na sanamu ya dhahabu iliyoinamisha macho. Mwatumu aliketi nyuma kabisa, magoti kayakunja, akatazama chini. Genoveva, ambaye mgongo ulikuwa ukimsumbua kwa kuinua magodoro, aliketi kama wanavyoketi wanawake wetu kwenye mkeka wa msibani au wa arusi, miguu kainyoosha mbele yote miwili, nyayo zikamkabili yule mwenye dhahabu. Bibi Kham akamgusa bega kwa mkono wake mzima.

"Miguu," alisema.

"Miguu yangu imekosa nini? Nimeiosha."

"Usimwelekeze nyayo mkubwa," Mwatumu alimwambia. "Hata kwenu, ungemnyooshea babu yako nyayo?"

"Babu yangu angenikata hizo nyayo," Genoveva akakiri, na haraka akaikunja miguu chini ya gauni.

Bibi akaomba dua yake, fupi. Kisha wakamtoa nje, wakampeleka ulipo ukuta wa chini wa pagoda, penye vidirisha vidogo vya mawe, kila kimoja na picha yake na jina lake. Mume wa Bibi Kham alikuwa kijana katika picha, amevaa sare za jeshi lililokwisha kushindwa, masikio yametokeza. Bibi aliweka kiganja juu ya jiwe. Alisema naye kwa muda mrefu, kwa sauti ya kawaida ya mke anayempa mumewe habari za nyumbani, na mara moja akamkaripia kidogo. Mwatumu alisimama pembeni, akaona haya kusikiliza, ingawa lugha hakuijua.

"Njia iko wazi," mtawa aliwaambia. "Zungukeni kwa nafasi yenu. Mimi naenda kula; sisi ikishafika adhuhuri hatuli tena mpaka kesho." Akaondoka. Genoveva alibaki kwenye ngazi kuupumzisha mgongo.

Mwatumu akashika mikono ya kiti. Akageukia kulia, pagoda ikawa kushoto kwake, akaanza kusukuma.

Hakuamua, mwili uliamua. Miaka ile ya Jidda alikuwa akipelekwa Makka na mama wa tajiri yake, ajuza asiyeweza kusimama, na kazi yake ilikuwa kumsukuma kwenye kiti kama hiki hiki kuizunguka Nyumba Tukufu. Kule Nyumba hukaa kushotoni, upande wa moyo, na umati wa watu hukubeba hata kama umelala usingizi. Mikono yake haikujua namna nyingine ya kumzungusha mzee. Bibi Kham aliinua mkono mara walipoanza kwenda, akaugandisha hewani, kisha akaurudisha mapajani. Mwatumu alidhani anafukuza mdudu.

Changarawe zilikuwa nzito. Majani makavu yalijikusanya mbele ya magurudumu, kila mara akalazimika kuyapiga teke. Astaghafirullah, alijisemea, mimi nasukuma kiti tu. Mzunguko wa kwanza aliufikiria mgongo wake. Mzunguko wa pili alikuwa hafikirii kitu. Mbele yake kulikuwa na kisogo chembamba cha mwanamke mzee, fundo la nywele nyeupe, na harufu ya mafuta ya nazi. Na mama yake pia alipaka mafuta ya nazi, akayachemsha mwenyewe, nyumba nzima ikanukia. Kile kisogo kikawa kingine. Midomo yake ikaanza kwenda. "Yarabi," alisema, "mwepesishie. Yarabi, mpunguzie maumivu. Yarabi, usinichukulie kabla..." na hapo hakuweza kumaliza, kwa sababu kabla ya nini? Kabla ya pasi? Kabla ya kichwa juu? Katika mzunguko wa tatu machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya mikono, naye hakuwa na mkono wa kuyapangusia.

Walipomaliza, mtawa alikuwa amesimama kwenye kona ya jengo. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama," alimwambia Mwatumu kwa upole, "mmezunguka mara ngapi?"

"Tatu."

"Kwa upande huu?"

"Kwa upande huu. Vipi?"

Mtawa alimtazama Bibi Kham, akamwuliza jambo kwa Kilao. Bibi akamjibu kwa neno moja. Akamwuliza tena, akajibiwa neno lile lile. Mtawa akavuta pumzi.

"Aliye hai anaiweka pagoda kuliani kwake," alisema. "Upande huu mliopita ninyi, tunampitisha maiti. Mara tatu, kisha ndiyo anapelekwa kwenye moto."

Lo! Mwatumu akaiachia mikono ya kiti. Kwao Tanga mtoto akijilaza chali akajifunika shuka gubigubi, akanyoosha miguu pamoja, mama yake humchapa kibao: "Inuka, usituchurie!" Hiyo ni kwa shuka na mchezo wa mtoto. Yeye kamchukua mwanamke wa watu, yu hai na akili zake, kamvusha njia ya maiti mbele ya majivu ya mumewe, tena kwa kumaliza, mara zote tatu, hakubakisha hata moja. Uchuro gani kama huo?

"Lahaula! Bibi, nisamehe. Sikujua, wallahi sikujua. Twende turudie. Tunageuza kiti, tunapita upande mwingine. Si itaondoka?" alimwuliza mtawa. "Tukirudia, itaondoka?"

"Mnaweza kurudia," mtawa alisema. "Hapana kosa kubwa. Hamkukusudia."

Mwatumu akashika mikono ya kiti, akasukuma. Kiti hakikwenda. Akasukuma tena. Bibi Kham alikuwa ameivuta breki, kaishikilia kwa mkono wake mmoja mpaka vifundo vya vidole vikawa vyeupe.

"Hapana," alisema bibi.

"Bibi, tafadhali."

"Hapana. Nilijua."

"Ulijua? Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Nikainua mkono nikukataze. Halafu nikaikumbuka Minnesota." Alipumua kidogo, akayatafuta maneno mojamoja. "Mwanangu kule ni wa kanisani. Mtoto mzuri. Nikifa ataniimbia vizuri, ataniweka ndani ya shimo, baridi. Pagoda hakuna. Wa kunizungusha hakuna. Wewe umenizungusha. Mume wangu ameona, na ulikuwa unalia. Kwetu maiti huliliwa. Sasa nimeshazungushwa, naenda popote. Usinirudishe."

Mtawa aliinamisha kichwa, akawaachia nafasi, akaenda akasimama kando ya Genoveva kwenye ngazi. Mwatumu akaketi chini kwenye changarawe, pale pale mbele ya kiti, mtandio umemwangukia mabegani.

"Sikukulilia wewe, bibi," alisema. Ilimuuma kulisema, lakini uongo mbele ya mtu huyu hakuuweza. "Sikuwa nakusukuma wewe. Nilikuwa namsukuma mama yangu."

Bibi Kham akamtazama. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Mwatumu akadhani analia, kumbe anacheka.

"Ndiyo maana ulikuwa unahema. Tulikuwa wawili."

"Usicheke, bibi. Nimemzungusha mama yangu njia ya maiti. Nimemchuria mama yangu mzazi."

Bibi akaacha kucheka. "Mama yako amekufa?"

"Hajafa. Yuko Tanga. Ananiulizia."

"Basi unafanya nini hapa?"

Majibu alikuwa nayo. Alikuwa nayo mengi, yaliyong'aa kwa kutumika: aliyompa Sabri, aliyompa imamu, aliyojipa mwenyewe ndani ya basi. Kuna wakili aliyesema tusubiri. Kuna sheria mpya. Kuna mwakani. Akafungua mdomo ayaseme kwa Kiingereza chao kile kidogo, akayakosa. Hawakuwahi kuhitaji neno la wakili, yeye na Bibi Kham, wala la mwakani.

"Naogopa," alisema hatimaye, kwa sababu neno hilo walikuwa nalo.

"Mama yangu mimi alikufa, nikiwa ng'ambo ya mto," bibi alisema. "Nilikuwa kambini. Moshi wa kijiji naona, kwa macho. Nani alimzungusha? Sijui. Mpaka leo sijui. Lakini mtoni kulikuwa na askari, wana bunduki. Kwako wewe kuna nini?"

Mwatumu alibaki pale chini, na uchovu ule wa miaka ukamjia wote kwa pamoja, ukamkalia kichwani, mabegani, kwenye magoti. Akashangaa kuona kwamba sehemu kubwa yake haikutokana na kazi. Zamu za usiku zilichosha, ndiyo, lakini kilichomla zaidi ni kule kusukuma mlango kila siku usifunguke, naye mwenyewe ndiye aliyekuwa kaubana kwa ndani. Upepo ulipita, majani yakamwangukia mapajani. Aliyaacha.

Genoveva ndiye aliyekuja kumwinua, akamshika chini ya makwapa kama anavyoinua magodoro yake.

"Simama, da Mwatumu. Huyu mtawa ameniambia mambo yalivyo. Kwani nani amekufa? Hapa hajafa mtu."

"Hajafa mtu," Mwatumu alikubali.

Waliondoka bila kurudia. Bibi Kham alilala mara tu gari lilipoingia lami, kichwa kimeegemea mkanda, mdomo umelegea, na Mwatumu kutoka kiti cha nyuma aliinama mbele kila baada ya muda kumtazama kama kifua kinapanda. Kilikuwa kinapanda vizuri tu.

"Genoveva," alisema walipokaribia Manassas. "Simama kwenye sheli yoyote yenye simu."

"Unampigia nani?"

"Mama. Nataka kwenda nyumbani."

Genoveva alimtazama kwenye kioo cha ndani. "Ukitoka hurudi. Unajua hilo."

"Najua."

"Ukifika ukamkuta..." Akaacha. "Na mimi huku nitacheka na nani, dada?"

"Utacheka peke yako. Wewe unaweza."

Genoveva alitaka kucheka, akashindwa. Aliingiza gari kwenye kituo cha mafuta, akapekua mkoba, akatoa kadi yake ya simu iliyokwisha kukwaruzwa, akampa bila kugeuka nyuma.

Kibanda cha simu kilikuwa ubavuni mwa duka, malori yakipita nyuma yake. Mwatumu alibonyeza tarakimu zote, akakosea, akarudia. Kule ilikuwa baada ya Magharibi. Simu ililia sana, ndipo Sabri akapokea.

"Mpe mama."

"Dada, hana nguvu ya kushika simu."

"Basi mshikie wewe. Mpe, Sabri."

Alisikia nyayo, mlango, kikohozi. Kisha pumzi, karibu sana, kama mtu aliyelala naye mto mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sauti ilikuwa imekonda, lakini ni yake. "Mwatumu? Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Mama, nakuja."

Lori likapita, akaziba sikio la pili kwa kiganja, akabana paji la uso kwenye bati baridi la kibanda.

"Unakuja kweli," mama aliuliza, "au ni yale yale ya kunilaza usingizi?"

"Nakuja kweli. Kesho asubuhi naenda ubalozini kuchukua hati. Nakuja na sirudi tena huku."

Kule ng'ambo kukawa na mchakacho wa kitanda. Alimsikia mama yake akimwambia Sabri amwinue, amwekee mto mgongoni, si hivyo, juu zaidi. Kisha sauti ikarudi kwenye simu.

"Haya," mama alisema. "Basi leo silali."